LSAT ukiwa Tanga: kundi kubwa la mtandaoni, diskasheni ya watatu, kozi ya kulipia au kujifungia peke yako?

Kwanza hakikisha LSAT, mtihani wa kuombea nafasi kwenye vyuo vya sheria vya Marekani na Kanada, unakuhusu. Anayetaka shahada ya kwanza ya sheria hapa nchini, iwe Mlimani au Mzumbe, hana haja na LSAT. Anaomba kwa matokeo yake ya kidato cha sita au diploma, kwa utaratibu wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Mwenye LLB, yaani hiyo shahada ya kwanza ya sheria, anayetaka kwenda Marekani kuchukua shahada ya uzamili, yaani LLM, naye kwa kawaida haulizwi LSAT. Anachoulizwa ni Kiingereza: TOEFL au IELTS. Anayelenga shahada ya kwanza Oxford, Cambridge, LSE au UCL anafanya mtihani mwingine kabisa, LNAT, wenye maswali 42 ya kuchagua na insha moja, na unaruhusiwa mara moja tu kwa kila msimu wa maombi. LSAT ni wa anayetaka JD, ile shahada ya miaka mitatu ya Marekani inayosomwa na mtu mwenye digrii tayari, na wa vyuo vingi vya sheria vya Kanada.

Naanza na hilo kwa sababu nimeona watu wakipiga msuli wa LSAT miezi na miezi ilhali wanakwenda kuomba LLM. Walikuwa kwenye kundi lenye maelfu ya watu, na kila mmoja alidhani mwenzake ndiye anayejua.

Kama kweli ni JD, mtihani wenyewe uko hivi. Una vipande vinne, kila kimoja dakika 35, na mapumziko ya dakika 10 baada ya kipande cha pili. Vinavyohesabiwa ni vitatu: viwili vya kuchambua hoja fupi, kimoja cha kusoma matini ndefu na kujibu maswali. Kimoja kinachobaki waandaaji wanajaribia maswali yao, hakihesabiwi, ila huambiwi ni kipi. Alama zinaanzia 120 na kuishia 180, na ukikosea hupunguziwi kitu, kwa hiyo hakuna swali la kuacha wazi. Uandishi wa hoja unafanywa kwa wakati wake, dakika 50. Hauna alama, lakini vyuo vinaletewa na vinausoma. Mwendeshaji ni LSAC, na kwenye LawHub, uwanja wao wa mazoezi, akaunti ya bure inakupa mitihani kamili michache iliyopita. Ya kulipia, dola 120 kwa mwaka, inafungua zaidi ya 50.

Njia zote nne nitakazozilinganisha zinapitia hapo LawHub. Hakuna inayokuondolea kazi ya kukaa ukafanya mitihani hiyo kwa saa. Zinatofautiana katika jambo moja: ukishafanya, nani anakusahihisha fikra?

Kundi kubwa

Yapo Telegram, WhatsApp, Discord na kwingineko, na kuingia ni bure. Kwa habari hayana mpinzani. Usajili umefunguliwa, matokeo yanatoka lini, jina la pasipoti limekataa kuingia, mtu wa Dodoma kalipaje bila kadi ya benki: utauliza na kabla chai haijapoa umeshajibiwa. Anayesoma bila mtu wa kumwelewa nyumbani anapata pia faraja ya kuona wapo wengine wanaohangaika na jambo hilohilo. Hiyo faraja siidharau. Ukiwa Makorora ukasema unasomea mtihani wa mantiki wa Wamarekani, wengi watakuuliza ajira ipo wapi hapo.

Lakini kundi kubwa ni kijiwe cha kahawa: unaondoka na habari zote za mji, mafunzo hapana. Mtu anatupia picha ya swali, watu thelathini wanaandika "C", mmoja anaongeza "ukisoma vizuri utaona". Umejua jibu ni C. Swali la kesho halitakuwa hilo, na kwa nini uliipenda B bado hujui, nayo ndiyo habari pekee uliyoihitaji.

Halafu kuna saa. Makundi yenye uhai zaidi yanakwenda na Marekani. Saa mbili usiku ya New York, watu wametoka kazini na mjadala umekolea, hapa Tanga ni saa tisa usiku. Wakisharudisha saa zao nyuma mwezi Novemba, inakuwa saa kumi alfajiri. Ukiamka na kukuta ujumbe mia tatu, utazipitia zote kabla ya kufungua mtihani wako. Asubuhi imekwenda.

Sipendi pia desturi ya kubandika alama. Anayepata 172 anatangaza, anayepata 149 ananyamaza. Katikati ya watahiniwa wote iko kwenye mia na hamsini na kitu, lakini ukikaa kundini wiki mbili utaapa kwamba dunia nzima ina 170 na wewe peke yako ndiye mzito. Kuna wengine, wema kabisa, watakwambia "nenda tu ukajaribu, utarudia". Muulize aliyekushauri kama anajua kwamba kuna kikomo: mara 5 ndani ya kipindi cha miaka mitano, na mara 7 maisha yote. Na kila mara unalipa ada inayozidi dola 200.

Madesa ya kundini ni ya kuangalia kwa jicho la tatu. Tangu Agosti 2024 ile sehemu ya michezo ya mantiki, ya kupanga nani akae wapi na nani atangulie, imeondolewa. Mafaili ya zamani yaliyojaa michezo hiyo bado yanazunguka, na wapo wanaoyabukua kwa bidii. Mbali na hilo, mitihani hiyo ina hakimiliki, na mtu anayetaka kuingia kwenye taaluma ya sheria kwa mlango wa mafaili ya wizi anajitafutia maswali magumu mapema. Ukikutana na anayeuza "mtihani wa mwezi ujao", toka. Ama ni tapeli atakayekula hela yako, ama anauza kitu halisi ambacho LSAC wakikikamata kwako watafuta alama zako na kuvitaarifu vyuo.

Diskasheni ya watatu

Hii ndiyo ninayoipigia debe, na nitakaa nayo zaidi.

Watu watatu, wanne wakizidi sana, walio kwenye saa za Afrika Mashariki. Si lazima wote wawe Tanga; mtu wa Mombasa, Nairobi au Kampala saa yake ni yako. Baada ya Isha watu wameshakula, watoto wamelala, mnaingia hewani. Wawili ni wachache: mmoja akipata msiba au mtihani wa kazini, diskasheni imekufa. Wakiwa watano anapatikana mmoja wa kujificha nyuma ya wenzake, asemaye "hata mimi niliona hivyohivyo".

Utaratibu unaozaa matunda ni huu. Kila mtu anafanya kipande kimoja peke yake, kwa saa, dakika 35. Kabla hajaangalia majibu anarudia tena bila saa, anaandika jibu lake la pili pale alipobadili mawazo. Ndipo mnakutana. Hamjadili maswali yote. Mnachukua yale ambayo watu wawili wametofautiana, au mtu amebadili jibu. Anayeongoza swali ni yule aliyelikosa. Aliyelipata asiongoze, atalimaliza kwa sentensi mbili na wote mtaitikia.

Nitoe mfano. Kikundi kimoja ninachokifahamu kina mwalimu wa sekondari wa Korogwe, dada mmoja wa Mombasa na kijana anayefanya kazi bandarini hapa Tanga. Wana mazoea ya kujitungia maswali ya kupashia moto, na moja lilikuwa hivi:

Muuza matunda wa Mgandini anasema: mwaka huu machungwa ya Muheza yamewahi kuiva, kwa hiyo bei ya machungwa hapa sokoni itawahi kushuka. Je, hoja yake inategemea dhana ipi? (A) Machungwa ya mwaka huu ni matamu kuliko ya mwaka jana. (B) Bei ya machungwa hupangwa na wingi wake pekee. (C) Wanunuzi wa kutoka Kenya hawatayabeba yote shambani kabla hayajafika Mgandini.

Kijana wa bandarini alichagua B na akaishikilia kwa mikono miwili. "Hoja nzima inahusu wingi kushusha bei, sasa B si ndiyo hiyo?"

Mwalimu hakumwambia kakosea. Alimwambia: "Haya, kaka, ikanushe hiyo B. Sema bei haipangwi na wingi pekee, hata nauli ya gari imo. Muuzaji kashindwa?"

Kimya kidogo. "Hajashindwa. Wingi bado unaweza kuishusha."

"Sasa ikanushe C."

"Wakenya wameyabeba yote... Mgandini halifiki hata kapu. Ah. Bei itashukaje?"

Dada wa Mombasa akamalizia: "Basi ndugu yangu, lile 'pekee' ndilo lililokuuza. Ulitafuta sentensi iliyobeba hoja yote, na wao waliuliza nguzo moja tu."

Mazungumzo hayo hayakufika dakika nne, na yule kijana aliondoka na mambo mawili: njia ya kukanusha jibu ili kuona kama hoja inaanguka, na ugonjwa wake mwenyewe wa kupenda jibu lenye maneno makali. Kundi la watu elfu lingempa herufi C. Kozi ingempa njia ya kukanusha, lakini si jina la ugonjwa wake, kwa kuwa video haimsikii anavyojitetea.

Mnaweza kujadili kwa Kiswahili, na nashauri hivyo. Swali lenyewe lisomwe kwa Kiingereza chake, ila kulieleza kwa lugha mnayogombania bei sokoni kunamnyima mtu nafasi ya kurudia maneno ya swali na kujifanya kayaelewa.

Ina mipaka yake. Kwenye matini ndefu diskasheni haisaidii sana. Kule kinachokuangusha ni kasi ya kusoma na kukumbuka mwandishi alisimama upande gani, na hayo yanajengwa na mtu peke yake, kila siku, kwa kusoma makala nzito za Kiingereza za sayansi, sheria na sanaa. Kwa uandishi wa hoja, kinyume chake, wenzako ni dawa: mpe mwenzako insha yako na umwombe atafute sentensi moja tu ambayo mpinzani angeishambulia.

Na diskasheni hufa. Ramadhani inabadilisha ratiba, msimu wa harusi unaingia, mmoja anahamishwa kikazi. Kuna na tabia yetu ya pwani ya kuoneana haya. Mtu anaona kabisa mwenzake hakufanya kipande cha wiki, anamstahi. Wekeni sheria siku ya kwanza: asiyefanya kazi anasikiliza tu, haongei. Anayekuja hivyo mara tatu mfululizo mnamuaga kwa heshima.

Wa kuwapata? Humohumo kwenye kundi kubwa. Pita ukimtafuta anayeandika "kwa nini si B?" badala ya anayeandika "jibu ni C". Mtumie salamu faragha. Alama zenu za kuanzia zisitofautiane sana. Mwenye 145 na mwenye 168 watachoshana, mmoja atageuka mwalimu bila mshahara.

Kozi ya kulipia

Kozi nzuri inakupa mpangilio: leo dhana, kesho makosa ya hoja, wiki ijayo sababu na matokeo. Kwa mtu ambaye hajawahi kusoma mantiki, huo mpangilio unaokoa miezi ya kupapasa. Zipo za kulipia mwezi kwa mwezi zinazoanzia chini ya dola 100, na wapo walimu binafsi ambao saa moja yao peke yake inafika dola mia au inapita.

Tatizo la kwanza kwetu ni madarasa ya moja kwa moja, ambayo yana saa zilezile za New York nilizozitaja. Usilipie darasa la saa tisa usiku ukijidanganya kwamba utazoea. Lipia kozi yenye video zilizorekodiwa na maelezo ya kila swali, uisome kwa saa zako. La pili ni malipo. Tovuti nyingi zinataka kadi, na hapa kadi ya Visa ya mtandaoni inayotengenezwa ndani ya huduma ya pesa ya simu huwa inatosha, mradi ukumbuke kwamba kozi nyingi zinajikata zenyewe mwezi ukigeuka. Usiache hela kwenye kadi hiyo.

Maoni yangu: mwezi mmoja au miwili ya kozi, mwanzoni, kisha sitisha. Watu wananunua miezi sita na kuangalia video kama tamthilia, na kuangalia mtu anajibu vizuri ni burudani inayofanana sana na kujifunza. Jaribu wiki ya bure kwanza, na chagua swali moja ulilolikosa vibaya usikilize wanavyolieleza. Wakieleza kwa nini jibu sahihi ni sahihi na wakaishia hapo, tafuta wengine. Unataka wanaosema kwa nini yale manne mengine yanadanganya.

Na kozi kubwa nyingi zina jamii yao ya wanafunzi ndani. Hilo ni kundi kubwa tena, lenye adabu kidogo.

Peke yako

Inawafaa wachache, na wachache hao huwa wanajijua. Chumba cha kusomea cha maktaba ya mkoa, kwenye lile jengo la King George VI, kina utulivu ambao nyumba nyingi za Ngamiani haziwezi kuutoa. Kompyuta mpakato, daftari la makosa, basi. Kasoro yake ni kwamba anayejisahihisha hujihurumia. Daftari litajaa "nilikuwa na haraka" na "sikuliona neno hilo", na sababu ya kweli haitaandikwa hata mara moja.

Bando, umeme na safari

Kwa upande wa gharama ndogondogo, simu ya sauti ya WhatsApp ya watu watatu inakula bando kidogo sana ukilinganisha na video, na kwa kazi hii nyuso hazihitajiki. Zoom ya bure inakata kikao cha kundi baada ya dakika 40: inatosha kufanya kipande pamoja, haitoshi kukijadili. Google Meet ya bure inawapa watu watatu saa nzima. Kozi za video ndizo zinazomaliza vifurushi. Pakua usiku kama programu yao inaruhusu. Umeme ukikatika, mwenye diskasheni anaendelea na simu iliyochajiwa, mwenye kozi anasubiri.

Mtihani wenyewe umekuwa ukifanyika ama nyumbani chini ya uangalizi wa kamera ama kituoni, lakini LSAC wametangaza kwamba kuanzia Agosti 2026 wanarudi kwa sehemu kubwa kwenye vituo. Kwa mtu wa Tanga maana yake ni kuweka nauli na malazi kwenye bajeti tangu mwanzo, na kuacha kupoteza usiku kundini mkijadili kamera ya aina gani inakubalika.

Mimi ningegawaje

Fanya mtihani mmoja wa bure wa LawHub kabla hujajiunga na chochote. Ukipata chini ya 145, diskasheni itakuwa vipofu wanaongozana. Chukua kozi ya mwezi mmoja kwanza ujue majina ya vitu, halafu tafuta wenzako. Ukiwa kati ya 145 na 160, weka hela yako kwenye LawHub ya kulipia na muda wako kwenye watatu, mara mbili kwa wiki. Ukishapita 165, kinachobaki ni maswali machache ya aina ileile unayoyakosa kila mara, na hapo saa moja au mbili za mwalimu binafsi zinaweza kuwa na thamani ya bei yake. Kama unafanya kazi ya zamu, bandarini au hospitali ya Bombo, na ratiba yako haishikiki, nenda peke yako lakini mtumie mwenza mmoja ujumbe wa sauti: swali, jibu ulilochagua, sababu. Akujibu atakapopata nafasi.

Kundi kubwa libaki kwenye simu likiwa limenyamazishwa, ulifungue Jumapili kwa habari. Wiki ya mtihani lifunge kabisa, maana ndiyo wiki ambayo kila mtu anagundua mbinu mpya. Na ukishamaliza mtihani usirudi mbio kuuliza kipande kipi kilikuwa cha majaribio na wengine walijibu nini kwenye swali la fulani. Umekubali kwa maandishi kutotoa yaliyomo, na hilo linahusu hata kikundi chenu cha watatu.